Vigango na Haki ya Kuoza

Historia ya maonyesho ya sanaa kati ya Kilifi na Malindi aghalabu huanzishwa hotelini. Walikuja Waitaliano katika miaka ya 1960, baadhi yao kwa ajili ya kituo cha roketi cha San Marco kule Ngomeni. Zikafuata hoteli, wachongaji wa Kikamba wakajiunga katika ushirika, vinyago vikapangwa kando ya barabara, na basi sanaa ikapata mahali pa kutazamwa. Kwa upande wa biashara, masimulizi hayo ni sahihi. Kwa upande wa sanaa yanaruka jambo kubwa, kwa sababu muda mrefu kabla ya hoteli ya kwanza palikuwa na chama katika nchi ya Wagiriama kilichoagiza kazi kwa wachongaji, kikaigharimia, kikaisimamisha mbele ya watu na kikatunza kanuni za kuitazama. Chama hicho ni Gohu, na kazi zake ni vigango. Hoja ya makala haya ni kwamba Gohu ilikuwa na kanuni moja ambayo majumba ya makumbusho hayakuielewa: mahali pa kazi na mwisho wa kazi huamuliwa na walioiagiza. Ugomvi wote uliozuka baadaye, kuanzia wizi hadi urejeshaji, unatokana na kuvunjwa kwa kanuni hiyo.

Kigango ni ubao mrefu wa mti mgumu usioliwa upesi na mchwa. Juu una kichwa, mara nyingi cha duara, na kiwiliwili chake ni bapa, kimechorwa kwa ncha ya kisu pembetatu zinazopangana safu kwa safu na kujazwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Wengine hukifunga vitambaa. Husimamishwa kwa ajili ya mwanachama wa Gohu aliyefariki. Asiyekuwa mwanachama huwekewa koma, kijiti kifupi kisicho na madaha. Kazi yenyewe haianzi siku ya mazishi. Yaweza kupita miaka, hadi marehemu amtokee ndugu yake ndotoni akilalamika kwamba amesahauliwa, au maradhi yauandame mji na mganga aseme chanzo ni yeye. Hapo ndipo mchongaji huitwa, wanachama hukusanyika, mbuzi huchinjwa na tembo la mnazi hunywewa. Ukitaka kuiita sherehe ya uzinduzi hukosei sana, ila wageni rasmi ni wafu.

Sanaa hii ilistawi pamoja na kutawanyika kwa watu. Katika karne ya 19 Wagiriama walizidi kutoka katika kaya yao, yaani makazi yao ya asili yenye ngome msituni, Kaya Fungo, wakafungua mashamba kuelekea mto Sabaki, na Sultani wa Unguja alipoifufua Malindi kuanzia miaka ya 1860 kuwa mji wa mashamba ya nafaka, biashara ya pwani ilipanuka na utajiri ukaongezeka. Mzee aliyefanikiwa mbali na kaya alihitaji kukumbukwa pale alipoishi, ndani ya mji wake, mbele ya wanawe. Kisha ukaja mwaka 1914. Baada ya Mekatilili wa Menza kuwahimiza watu wakatae kodi na kazi za kulazimishwa, serikali ya kikoloni iliilipua Kaya Fungo kwa baruti na kuwahamisha watu kwa nguvu kutoka kaskazini mwa Sabaki. Vigango vya miji iliyohamwa vilibaki palepale, na kwa kawaida ndivyo ilivyopaswa kuwa hata pasipo baruti. Familia ilipotafuta ardhi mpya haikung'oa kigango. Kilibaki, kikainama, rangi ikafutika kwa mvua, mti ukarudi udongoni.

Kuachwa huku ndiko kulikowapa wafanyabiashara utetezi wao. Kuanzia miaka ya 1970 vigango vilianza kutoka Kilifi kwa wingi na kuingia katika maduka ya vinyago, na kutoka huko vikavuka bahari. Mwaka 1986 Ernie Wolfe, mfanyabiashara wa sanaa wa Los Angeles, alitoa kitabu juu ya vigango, na kwa wakusanyaji wa Marekani ubao wa mzee wa Kigiriama ukawa pambo la ukumbi. Mwaka 1990 jumba la makumbusho ya sayansi la Denver lilipokea 30 kutoka kwa watu wa Hollywood, miongoni mwao mwigizaji Gene Hackman. Watafiti Monica Udvardy na Linda Giles walipofanya hesabu walipata karibu vigango 300 katika majumba 19 ya Marekani. Utetezi ulikuwa ule ule: vimetelekezwa, vinaliwa na mchwa, tumeviokoa. Hoja hii ina nguvu kwa yeyote anayeamini kwamba kazi ya sanaa iliyooza ni kazi iliyopotea. Lakini huo ni mtazamo wa makumbusho, na haukuwa wa Gohu. Kaburi lisilopaliwa halijakosa mwenyewe. Kigango kilichoinama bado kilikuwa na kazi, na kung'olewa kwake kuliaminiwa kuleta ukame, maradhi na vifo. Si lazima mtu aamini hivyo ili akubali kwamba aliyeagiza kazi ndiye mwenye neno kuhusu hatima yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wenyeji hawana budi kulikabili: walioviiba wengi walikuwa vijana wa vijiji hivyohivyo. Mnunuzi mgeni hakutembea usiku katika mashamba ya Kaloleni au Ganze. Alimlipa mtu aliyeijua njia. Ni kweli, na umaskini hautoshi kueleza yote. Dini mpya ziliwafundisha vijana kwamba kigango ni sanamu la ushirikina, na dharau hiyo ilikua hadi mahali pa kutisha, kwa kuwa katika kaunti ya Kilifi wazee wenye mvi wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingine ugomvi wa ardhi ndio uliojificha nyuma ya tuhuma. Jamii inayomwogopa mzee aliye hai haitamlinda mzee wa mti. Hata hivyo, pingamizi hili linaonyesha tu kwamba mlinzi alilegea. Halimpi mnunuzi hati ya umiliki. Mtoto anayeuza ng'ombe wa babake usiku ameuza kisicho chake, na anayenunua usiku anajua kwa nini hakwenda mnadani.

Wako watakaosema kwamba kuziita shughuli za Gohu maonyesho ya sanaa ni kuishusha ibada. Pingamizi hili nalichukulia kwa uzito, lakini naona linatenganisha vitu ambavyo wachongaji hawakuvitenganisha. Kama ingekuwa ibada tupu, ubao wowote ungetosha, kama kijiti cha koma kinavyotosha. Mapambo yale yapo ili yatazamwe, na chama kililipia tofauti. Kililipia pia majivuno: Gohu ilikuwa chama cha wanaume wenye mali, kiingilio chake kilikuwa karamu ambayo maskini hakuimudu, na wanawake waliojenga utajiri huo hawakuwekewa ubao wenye pembetatu. Anayeitamani Gohu kama paradiso ya usawa iliyopotea hataipata hapo. Kilichopo ni mfumo wa watu walioijua kazi yao, walioamua wenyewe nani aonyeshwe, na walioishi na makosa yao mahali pamoja na kazi hiyo.

Mwaka 1985 Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vyote viwili viliibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu, Udvardy alikitambua kimoja katika slaidi za Giles: kilikuwa katika jumba la makumbusho huko Illinois, na kingine kikapatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Illinois ilikirudisha chake mwaka 2006, Hampton ikafuata, lakini Mwakiru alikuwa ameshafariki. Kilichorudi mjini kwake kilizungushiwa vyuma ili kisiibwe mara ya pili, yaani kikapata kabati la makumbusho katikati ya boma. Denver ilivirudisha vyake 30 mwaka 2019, na Illinois vingine 37 mwaka 2023. Hivi havikwenda bomani. Vilipokelewa na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, kwa sababu ambayo ni ngumu kuipinga: hakuna ajuaye ni vya nani. Aliyeving'oa hakuandika jina la mji, aliyenunua hakuuliza, na jumba lililovionyesha liliandika kabila na aina ya mti. Kati ya mamia, vile viwili vilipata njia ya nyumbani kwa sababu ya picha moja.

Ndiyo maana madai ya wazee wa Malindi ya kurudishiwa vigango, hasa kupitia Chama cha Utamaduni cha Wilaya ya Malindi, kinachofahamika kama MADCA na ambacho huandaa sherehe za Mekatilili kila mwaka, hayatatimizwa na ghala la Nairobi lenye kiyoyozi. Kuna watakaojibu kwamba ghala ni afadhali kuliko wizi mpya, na kwa sasa pengine wanasema kweli. Lakini sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 imetungwa kulinda vitu visiharibike, na haina kifungu kwa kitu ambacho wenyewe walikusudia kiharibike. Kama vigango visivyo na jina vitarudishwa Kilifi, wazee watalazimika kuamua mahali pa kuvisimamisha kwa pamoja, ndani ya kaya au nje yake, bila paa au kwa paa. Na serikali italazimika kuamua kama iko tayari kutia sahihi karatasi inayoruhusu mali ya taifa iliwe na mchwa.