Mvua ya Juba na Vitabu vya Mto

Kabla ya Juba kuwa mji, katika nchi ya Wabari swali la mvua lilikuwa na mwenyewe. Wenye mvua walitoka katika koo maalumu, walitunza mawe ya mvua, na msimu ulipochelewa watu waliwaendea wao kudai majibu. Dai hilo halikuwa la maneno matupu. Mwaka 1859 ukame ulipobana, Nyigilo, mmoja wa wakubwa wa mvua kandokando ya Gondokoro, karibu na Juba ya leo, aliuawa na watu wake mwenyewe. Simon Simonse, katika kitabu chake Kings of Disaster cha mwaka 1992, ameonyesha kwamba mauaji ya aina hiyo yalijirudia mara nyingi mashariki ya Nile, hata karne ya 20 ilipokuwa imesonga mbele. Sisemi kwamba mawe yale yaliteremsha maji. Ninachosema ni kwamba swali lililoulizwa pale lilikuwa swali la mkulima: mvua itanyesha lini, hapa, juu ya mtama huu? Na aliyejitwika kulijibu aliwajibika kwa majirani zake.

Elimu ya vipimo iliyokuja baadaye ililetwa na watu waliokuwa na swali jingine. Mongalla, kaskazini kidogo ya Juba, kina cha mto Nile kilianza kuandikwa mwaka 1905, na sababu yake haikuwa shamba la Mbari bali pamba ya Misri. Harold Hurst, mwanafizikia Mwingereza aliyefika Cairo mwaka 1906 na kuutumikia mto huo kwa miongo mingi, alikusanya takwimu hizo pamoja na wenzake katika mfululizo wa vitabu uitwao The Nile Basin. Mvua nayo imo humo, imepimwa kwa uangalifu mkubwa, ila imeingia kama sehemu ya hesabu ya mto. Katika hesabu hiyo kinamasi cha Sudd kilionekana kuwa hasara, kwa kuwa karibu nusu ya maji yanayoingia humo hupotea angani kwa mvuke. Kutoka hapo likazaliwa wazo la mfereji wa Jonglei wa kuyapitisha maji kando ya kinamasi, kilomita 360, ulioanza kuchimbwa mwaka 1978 na kusimamishwa na vita ukiwa umepita kilomita 200. John Garang alikuwa ameandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu maendeleo ya eneo hilohilo, naye ndiye aliyekuja kuongoza vita vilivyousimamisha mfereji huo.

Mtu anaweza kunipinga, na ana hoja. Timu ya uchunguzi wa Jonglei iliyoanza kazi mwaka 1946 ilitumia miaka kuchunguza malisho, samaki na maisha ya wenyeji, na ripoti yake bado ni hazina. Tena, bila vitabu vya mto tusingeelewa mafuriko. Mvua kubwa za miaka ya mwanzo ya 1960 ziliinua Ziwa Victoria zaidi ya mita 2, na wastani wa maji yanayopita Mongalla ukakaribia maradufu kwa miaka mingi iliyofuata. Mwaka 2019 Bahari ya Hindi ilipopata joto upande wetu wa magharibi, mvua zikafurika tena, ziwa likavunja rekodi mwaka 2020, na mji wa Bentiu, kaskazini mwa Sudan Kusini, ukazingirwa na maji. Mtu wa Bor, mji ulio kando ya Nile, anayetaka kujua kama nyumba yake itazama hana budi kuangalia Uganda, ambako maji ya ziwa hutokea, wala si mawingu ya juu ya kichwa chake.

Hoja hiyo naikubali yote, lakini haimfikii mkulima wa pembezoni mwa Juba. Huyu hupata kati ya milimita 900 na 1,000 kwa mwaka, nyingi zikinyesha baina ya Aprili na Oktoba, kwa mawingu ya radi yanayopanda mchana na kumwaga kijiji kimoja huku cha jirani kikibaki kikavu. Jumla ya mwaka haimwambii kitu iwapo mvua imekatika wiki tatu mbegu zikiwa zimechipua. Kipimo cha mto hakiwezi kuuona ukavu huo. Wengine watasema setilaiti zimemaliza tatizo. Zimesaidia sana, hasa mahali pasipo na kituo chochote, lakini nyingi ya hesabu zake hukadiria mvua kutokana na ubaridi wa kilele cha wingu, na kilele baridi si lazima kiwe kimedondosha tone. Makadirio hayo husahihishwa kwa vipima mvua vya ardhini, na wakati wa vita vya Sudan vya 1983 hadi 2005 vituo vingi vya kusini mwa nchi viliacha kupeleka taarifa.

Pengo hilo ni zito kuliko linavyoonekana, na aliyetuonyesha uzito wake ni Hurst mwenyewe. Mwaka 1951, baada ya kuchambua kumbukumbu ndefu za mto zilizotunzwa Roda, Cairo, alitangaza kwamba miaka ya maji mengi hufuatana kwa makundi, na ya ukame vivyo hivyo, kuliko ambavyo bahati nasibu ingeipanga. Ikiwa mvua ina tabia kama hiyo, basi miaka 22 isiyoandikwa vizuri haiwezi kuzibwa kwa kuchukua wastani wa kabla na baada, kwa maana yawezekana kundi zima la miaka mibaya, au mizuri, limepita humo bila kuhesabiwa. Makadirio yote ya leo kuhusu mvua ya Juba, pamoja na utabiri wa msimu unaotolewa na kituo cha hali ya hewa cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika, kule Kenya, yanalibeba pengo hilo ndani yake.