Milango ya Fahamu: Mlango, Njia na Nyumba

Mwulize mtoto wa shule ya msingi milango ya fahamu ni mingapi, atakujibu papo hapo: mitano. Macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Wengine huiita milango ya maarifa, na vitabu vya sayansi hupendelea ogani za hisi. Istilahi hiyo ya mwisho ni sahihi, ila kavu. Ya kwanza inafundisha zaidi.

Neno fahamu asili yake ni Kiarabu, kwa maana ya kuelewa. Aliyezirai tunasema amepoteza fahamu. Mfunue kope, ummulike tochi: mwanga unaingia, mboni inasinyaa, naye haoni kitu. Mlango u wazi, mwenyeji hayupo. Neva nazo tunaziita mishipa ya fahamu. Hivyo neno moja limebeba safari nzima, kutoka mlangoni, kupitia njiani, hadi nyumbani, yaani ubongoni.

Kazi ya mlango ni kupokea na kugeuza. Lenzi ya jicho hukusanya mwanga juu ya retina, na seli za hapo huugeuza kuwa ishara za umeme. Sikioni, mawimbi ya sauti hutikisa ngoma, ngoma hutikisa mifupa mitatu midogo, nayo hupeleka mtikisiko kwenye mrija uliojisokota kama gamba la konokono. Humo mna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000. Ubongo wenyewe hukaa gizani na kimyani. Unachopokea ni ishara tu.

Maradhi nayo hufuata ramani hiyo hiyo. Mtoto wa jicho, anayeongoza kwa kupofusha watu duniani, ni kasoro ya mlango: lenzi imeingia ukungu. Daktari huiondoa, akaweka ya bandia, mtu akaona tena. Nta iliyoziba sikio husafishwa. Lakini kuna mlango unaong'oka bawaba: kelele za zaidi ya desibeli 85 kwa saa nyingi, siku baada ya siku, huua zile seli za sikio, na kwa binadamu hazioti upya.

Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, huharibu njia. Jicho laweza kuonekana zima kabisa huku mshipa wake wa fahamu unakufa polepole, mara nyingi bila maumivu. Uoni uliokwenda haurudi. Tiba hulinda uliobaki. Kiharusi kikipiga sehemu ya nyuma ya ubongo, mtu hupoteza uoni wa upande mmoja ilhali macho yote mawili hayana kasoro. Hapo nyumba ndiyo iliyobomoka.

Kosa la milango ya fahamu ni hesabu yake ya mitano. Ndani ya sikio mna kiungo cha kupima mizani ya mwili; kikiugua, kizunguzungu hukuangusha. Misuli nayo huujulisha ubongo mkono uko wapi hata gizani. Mitano ni hesabu ya mwanafalsafa Aristotle. Hata Mswahili mwenyewe haishii hapo: husikia sauti, akasikia harufu, baridi, njaa na maumivu.

Milango ibaki, mitano iondoke. Nawe ukiona macho yanafifia, usikimbilie miwani ya kando ya barabara, maana miwani hutengeneza mlango tu. Nenda ukapimwe, na umwulize daktari: kasoro iko mlangoni au njiani?