Oili ya Injini Nachingwea na Ruangwa: Kutoka Katapila hadi Haibridi

Oili ya injini iliingia Nachingwea kwa wingi kwa sababu ya karanga. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, aliishauri serikali ya Uingereza ilime karanga Afrika Mashariki ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula uliotokana na vita. Ujumbe wa John Wakefield ukapendekeza mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, na 55 kati yake yakapangiwa Jimbo la Kusini la Tanganyika. Nachingwea ikawa kitovu cha mashamba hayo ya kusini. Bandari yenye kina ikajengwa Mtwara, na mwaka 1949 reli ikafika Nachingwea kutoka Mkwaya, kwenye hori ya Lindi.

Kazi ya kung'oa miti ilitegemea mashine. Yalikuwepo matrekta ya minyororo ya Caterpillar, mengine mitumba ya majeshi, na yalikuwepo matrekta ya Shervick ambayo kiwanda cha Vickers kiliyaunda kwa kutumia vifaru vya Sherman. Katapila hizo zilikuwa na historia yake katika suala la oili. Kampuni ilipoanza kuuza trekta za dizeli mwaka 1931, oili ya kawaida ilishindwa: masizi yaliganda kwenye mifereji ya pistoni, ringi zikakwama, injini zikakosa nguvu. Wakemia wakalazimika kubuni oili yenye viungo vya kusafisha injini kutoka ndani. Iligharimu zaidi ya oili ya kawaida, lakini dizeli hizo hazingedumu bila hiyo. Tangu wakati huo kanuni imebaki ileile: muundo wa injini ndio unaoamua aina ya oili.

Hata oili iliyo sahihi haikuweza kuuokoa mpango wa karanga. Kongwa, ambako kazi ilianzia, udongo uliojaa chembe za mchanga mgumu ulikula majembe na vyuma, na matrekta mengi yalilala kwa kukosa spea na mafundi. Madereva walihitajika haraka kuliko walivyoweza kufundishwa. Injini inayovuta vumbi kupitia filta iliyochoka husagika hata ikiwa na oili ya bei ya juu kiasi gani, kwa maana vumbi huchanganyika na oili na kuigeuza kuwa kitu cha kusugulia chuma. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na mpango huo, baada ya mamilioni ya pauni kuteketea. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa.

Mashamba yaliyoachwa yalipata kazi nyingine. Kuanzia 1965 FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilikuwa na kambi yake kuu ya mafunzo Nachingwea, chini ya Samora Machel, na malori yaliyohudumia vita vya Msumbiji yalipita barabara za udongo za kusini. Magari ya zama zile, Land Rover yakiwa mfano mzuri, yalikuwa na injini zenye nafasi pana kati ya vyuma, zilizovumilia oili nzito ya daraja moja. Uvumilivu huo ulikuwa na thamani kubwa. Kwa miaka mingi njia ya Dar es Salaam ilikatwa na Mto Rufiji, ambako magari yalivuka kwa pantoni ya Ndundu, na mvua za masika ziliweza kulitenga eneo lote. Mwenye gari alitia oili iliyopatikana.

Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, spea na vilainishi vilianza kufika kwa urahisi zaidi. Ruangwa ilikuwa tayari wilaya kamili, iliyomegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995. Korosho na ufuta vilileta fedha, na fedha zikaleta pikipiki, malori ya Fuso na magari madogo yaliyotumika Japani. Miongoni mwa hayo yamo ya haibridi, yenye injini ya petroli na mota ya umeme: Prius, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 1997, na Aqua ya 2011.

Injini ya haibridi huzimika na kuwaka tena mara nyingi ndani ya safari moja. Kila inapowaka, oili inatakiwa ifike kwenye vyuma mara moja. Aidha, injini isiyopata joto la kutosha hubakiza unyevu na petroli ndani ya oili. Toyota ilielekeza Prius ya 2009 na Aqua zitumie oili nyepesi ya 0W-20, ambayo karibu kila mara ni ya sintetiki. Fundi anayesema oili hiyo ni ya nchi za baridi anaisoma namba nusu: 0W huonyesha wepesi injini ikiwa haijapata moto, na injini iliyolala usiku Ruangwa ni baridi ikilinganishwa na joto lake la kazi.

 

Kwa haibridi ya Nachingwea au Ruangwa, basi, oili ya sintetiki ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari inastahili bei yake. Pale 0W-20 inapokosekana, vitabu vya Toyota vya masoko kadhaa huruhusu 5W-30. Kulipa zaidi kwa ajili ya jina kubwa tu, juu ya daraja hilo, hakuleti faida inayolingana na gharama, na dumu la jina kubwa ndilo linalowavutia wachakachuaji. Fedha hiyo inunue filta ya hewa na ilipie kubadilisha oili mapema: Japani Toyota huelekeza kilomita 15,000 kwa matumizi ya kawaida, na 7,500 au miezi 6 kwa mazingira magumu. Barabara za vumbi zimo katika kundi hilo la pili.