Mwanga Mgumu, Mwanga Laini: Istilahi za Kujua Kabla ya Kununua Taa ya Studio

Ukiingia dukani kutafuta taa ya studio, swali la kwanza utakaloulizwa ni la wati. Mia moja? Mia mbili? Nawe unaona ni swali la haki, maana ulichokuja kutafuta ni "mwanga mkali", na ukali wa taa hupimwa kwa wati. Unanunua, unarudi, unaiwasha mbele ya mteja wa kwanza. Paji la uso na ncha ya pua vinang'aa, macho yamezama gizani, na ukutani nyuma yake kimesimama kivuli cha kichwa kama kilichokatwa kwa mkasi. Unakopa, unanunua taa yenye wati mara mbili. Kivuli kiko palepale.

Pesa hizo zimeliwa na neno moja lililobeba kazi mbili. Wapiga picha hutenga sifa mbili za mwanga ambazo hazina undugu. Sifa ya kwanza ni nguvu: mwanga ni mwingi au ni kidogo. Sifa ya pili ni jinsi mwanga unavyochora kivuli, yaani ukingo wa kivuli umekatika ghafla au umeyeyuka polepole hadi hauonekani. Kwa sifa ya kwanza Kiswahili kina maneno yake tangu zamani, "mkali" na "hafifu", na kila mtu anayatumia sawasawa. Kwa sifa ya pili tuna nusu tu. "Mwanga laini" umeingia studio bila taabu, lakini kinyume chake mara nyingi kinaitwa tena "mwanga mkali". Hapo ndipo mnunuzi anapopotea, kwa sababu akitaka kupunguza ukali wa vivuli anadhani apunguze nguvu, na akitaka picha yenye mwanga wa kutosha anadhani lazima avumilie vivuli.

Kwamba sifa hizi ni mbili, si moja, mtu anaweza kulithibitisha bila kununua kitu. Usiku wa mwezi mpevu, toka uani, nyosha mkono karibu na ukuta uliopakwa chokaa. Vidole vyote vitano vinahesabika kwenye kivuli, na ukingo wa kila kimoja uko wazi. Mwanga wenyewe ni hafifu kabisa. Wa jua unauzidi kwa takribani mara 400,000. Sasa ngoja adhuhuri ya siku yenye mawingu meupe yaliyofunika anga lote. Mwanga ni mwingi kuliko wa taa yoyote ya sebuleni, lakini kivuli cha mkono huo huo hukioni, au unaona wingu tu la kijivu. Kumbe mbalamwezi ni hafifu na ina vivuli vilivyokatika, na adhuhuri ya mawingu ni kali na haina vivuli. Neno "mkali" haliwezi kusema yote mawili.

Kinacholeta tofauti ni ukubwa wa chanzo cha mwanga, si nguvu yake. Tena ukubwa wenyewe si ule wa kupima kwa futi kamba, bali ule unaoonekana kutoka pale aliposimama anayepigwa picha. Jua lina kipenyo cha kilomita milioni 1.4 hivi, lakini liko umbali wa kilomita milioni 150, kwa hiyo machoni petu ni duara dogo la nusu digrii. Mwezi ni mdogo sana kuliko jua, ila uko karibu, na kwetu unaonekana na ukubwa uleule. Ndiyo maana vyote viwili huchora vivuli vya namna moja. Mawingu yakifunika, nuru ya jua hutawanyika na anga zima linageuka kuwa taa moja kubwa isiyo na mwisho. Sehemu ambayo upande mmoja wa anga hauifikii, upande mwingine unaifikia, na kivuli kinakosa pa kusimama.

Tuone jambo hilo kwenye pua, maana pua ndiyo inayoharibu picha nyingi za uso. Chukua flashi ndogo ya juu ya kamera, ambayo kioo chake kina upana wa sentimita 7 hivi. Iweke mita moja kutoka usoni, pembeni. Ikiwa ncha ya pua iko sentimita 2 mbele ya pale kivuli chake kinapoangukia shavuni, ukingo wa kivuli hicho utakuwa na upana wa milimita 1.4. Huo ni mstari. Sasa ifunike flashi hiyohiyo kwa softboksi yenye upana wa sentimita 60, bila kuisogeza. Ukingo unapanuka hadi milimita 12, na katika nafasi hiyo giza linageuka kuwa mwanga kidogo kidogo, shavu likaonekana la mviringo. Wati hazijabadilika hata moja. Hesabu yake ni nyepesi: upana wa taa, zidisha kwa umbali kati ya pua na shavu, gawanya kwa umbali kati ya taa na pua.

Kwa sababu hiyo napendekeza tuite sifa hii ugumu na ulaini wa mwanga, na tuseme "mwanga mgumu" pale kivuli kinapokuwa na ukingo uliokatika. Neno hili halitafuti makazi mapya. Wanafunzi wa kemia wamezoea "maji magumu" na "maji laini" na hakuna anayedhani maji magumu yanavunja jino. Kilichokubalika kwenye maji kinakubalika kwenye mwanga: jozi kamili, kila neno likisimama kinyume cha mwenzake. "Mkali" nalo linarudi kwenye kazi yake ya nguvu, likiwa na "hafifu" upande wa pili. Hivyo tunapata aina nne zisizogongana. Jua la adhuhuri isiyo na wingu ni kali na gumu. Adhuhuri ya mawingu ni kali na laini. Mbalamwezi ni hafifu na ngumu. Chumba chenye dirisha kubwa lenye pazia jeupe, jua likikaribia kuzama, kina mwanga hafifu na laini.

Vifaa navyo viitwe kwa kazi yake. Kuna wanaotaka softboksi iitwe "sanduku laini". Sanduku hilo halina ulaini wowote; ni fremu ya vyuma iliyovikwa kitambaa cheusi nje na cheupe mbele. Kinacholainika ni mwanga. Kama hatutaki jina la mafundi, ambalo tayari limekaa vizuri mdomoni, tuseme "kilainisha mwanga", na jina hilo litafunika pia mwamvuli mweupe, pazia la kitambaa chembamba, na karatasi ya kuchujia. Vyote hufanya kazi moja: kugeuza chanzo kidogo kuwa kikubwa.

Baada ya hapo orodha ya manunuzi inajipanga upya. Kinachotangulia ni uso wa kilainisha mwanga, kisha stendi imara ya kukibeba, ndipo taa yenyewe. Kwa picha za uso na kifua, softboksi ya sentimita 60 kwa 90 au mwamvuli wa mita moja unatosha. Kwa bibi harusi na wapambe wake watatu unahitaji kikubwa zaidi, au viwili. Wati zinaingia hapa, kwa sababu halali: kitambaa cha mbele humeza mwanga, mara nyingi nusu yake au zaidi, kwa hiyo taa ya ndani iwe na nguvu ya kufidia. Lakini mwenye taa ya wastani na kilainisha kikubwa atapiga picha nzuri ya uso kuliko mwenye taa kubwa iliyo uchi.

Kosa linalofuata ni kukiweka kilainisha mbali. Softboksi ile ya sentimita 60, ikirudishwa hadi mita tatu, inaonekana ndogo mara tatu, na ukingo wa kivuli cha pua unashuka kutoka milimita 12 hadi 4. Umenunua ulaini, kisha umeurudisha dukani kwa mkono wako. Tena nguvu ya mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: ukizidisha umbali mara mbili, unabaki na robo. Mteja akiwa mita moja kutoka kwenye taa, na ukuta uko mita moja na nusu nyuma yake, ukuta unapata kama sehemu moja kwa sita ya mwanga wa usoni, na hata ukiwa mweupe utatoka kijivu. Ndiyo maana studio ya picha za pasipoti inayotaka ukuta mweupe kweli huwa na taa ya pili ya kuumulika ukuta peke yake.

Chumba nacho ni kifaa, na kina vipimo visivyobembelezeka. Kamera ya sensa kubwa, yenye lenzi ya milimita 50, inahitaji karibu mita 3 ili kumchukua mtu mzima aliyesimama, na nafasi kidogo juu na chini. Lenzi ya milimita 85, inayopendwa kwa sura, inahitaji mita 5 kwa picha hiyohiyo. Ongeza mita moja na nusu kati ya mteja na pazia la nyuma, na nafasi ya mpiga picha mwenyewe kusimama. Mwenye chumba cha mita 4 asinunue lenzi ya 85 kwa ajili ya picha za mwili mzima. Karatasi ya nyuma inayouzwa kwa roli huwa na upana wa mita 2.72; pima mlango na kona ya ngazi kabla ya kulipa.

Kuta zinaulainisha mwanga au kuutia rangi. Ukuta mweupe ulio karibu na mteja hurudisha mwanga na kupunguza giza la upande wa pili, sawa na reflekta ya kununua. Ukuta wa kijani hurudisha kijani, na shavu la mteja linaonekana la mgonjwa. Chumba kikubwa kisipopatikana, kidogo ulicho nacho kipake nyeupe isiyong'aa, kisha uwe na vitambaa vyeusi vya kutundika siku unayotaka kivuli.

Asiye na fedha za taa ana dirisha, ambalo ni kilainisha mwanga cha bure ilimradi jua lisiingie moja kwa moja. Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya na Marekani husifu dirisha la kaskazini. Ushauri huo ni wa kwao, ambako jua hupita upande wa kusini. Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi ziko kusini kidogo ya ikweta: tangu Aprili hadi katikati ya Septemba jua hupita kaskazini, na dirisha la kusini ndilo lenye mwanga laini kutwa nzima. Kuanzia Novemba hadi Januari mambo hugeuka. Studio ya pwani yenye madirisha pande mbili inahama na majira.

Kupanga stoo kunafuata istilahi zilezile. Rafu ya kwanza ni ya vyanzo: taa, flashi, betri na nyaya zake, kila betri ikiwa na namba ili iliyochoka ijulikane. Ya pili ni ya vilainisha mwanga: softboksi, miamvuli, vitambaa vyeupe. Ya tatu ni ya vya kugumisha na kukata mwanga: sega la nyuki la chuma, koni, vitambaa vyeusi. Ya nne ni reflekta na mbao nyeupe. Msaidizi akiambiwa "huu mgumu mno, ulainishe", anajua rafu. Chini wekeni mifuko ya mchanga, kwa sababu softboksi kubwa kwenye stendi nyembamba ni tanga, na feni ya dari inatosha kuiangusha juu ya mteja. Lenzi zisikae rafuni hata kidogo. Kwa unyevu wa Tanga au Unguja, kuvu huota ndani ya vioo. Kasha linalofunga vizuri, lenye vifuko vya kukausha hewa vinavyobadilishwa, ni nafuu kuliko kusafisha lenzi moja.

Tahadhari ya mwisho: kuupa mwanga jina la "mgumu" si kuutukana. George Hurrell, aliyepiga picha za nyota wa Hollywood katika miaka ya 1930, alijenga sifa yake kwa mwanga mgumu uliochonga mashavu na kope. Anayepiga picha nakshi za mlango wa Zanzibar, ukili wa mkeka au uzi wa kofia ya kufumwa anauhitaji, kwa kuwa vivuli vidogo vilivyokatika ndivyo vinavyoonyesha kina cha nakshi na mpindo wa uzi. Ukitumia mwanga laini hapo, kazi ya mchongaji inasawazika na kuonekana kama karatasi iliyochorwa. Kwa hiyo mwalimu wa upigaji picha asiwafundishe wanafunzi kwamba mwanga laini ni mzuri na mgumu ni mbaya. Awafundishe kuuliza maswali mawili, kila moja kwa neno lake: mwanga huu ni mkali kiasi gani, na ni mgumu kiasi gani? Jibu la kwanza hurekebishwa kwenye kitufe cha taa. La pili hurekebishwa kwa ukubwa na umbali wa kinachoufunika.