Mikumi: Mti Uliozaa Jina

Kwanza, mikumi ni miti. Mji wa Mikumi katika Wilaya ya Kilosa, unaopitiwa na barabara kuu ya Dar es Salaam–Iringa na reli ya Kilosa–Kidatu, umepata jina lake kwa mkumi, mti wa jamii ya mnazi ambao watu wa pwani huuita mvumo.

Utazame vizuri. Shina ni jeusi-kijivu, limenyooka, kisha huvimba juu ya katikati kabla ya kupungua tena. Majani yametanuka kama kipepeo cha kupepelea moto. Mti dume na mti jike ni mbali mbali. Jike ndio huzaa matunda makubwa ya rangi ya machungwa, yenye nyuzinyuzi na kwa kawaida mbegu tatu ndani. Tembo huyapenda sana, na mbegu wanazozimeza huota mbali na mti mama.

Mwaka 1964 Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa kwa jina hilohilo. Leo ina kilomita za mraba 3,230, na uwanda wa Mkata ndio moyo wake.