Malengo ya mwaka mpya: muulize kwanza mwenye nyumba

Kama umevuka salama na mfukoni bado kuna nauli ya kwenda kazini, mshukuru Mungu wako. Januari yenyewe mnaijua, ni ndefu kuliko barabara ya kwenda Kigoma.

Juzi nilikuwa natafuta stakabadhi ya kodi ya nyumba nikakutana na daftari langu la miaka mitatu iliyopita. Ukurasa wa kwanza una kichwa cha habari kwa herufi kubwa, MALENGO YANGU. Chini yake kuna orodha:

1. Kupaka rangi sebule.
2. Kurekebisha bomba la jikoni.
3. Kusoma kitabu kimoja kila mwezi.
4. Kuamka saa kumi na moja alfajiri kufanya mazoezi.
5. Kutengeneza nyumba ya Mama.

Nikachukua daftari la mwaka uliofuata. Orodha ni ile ile, tena kwa mpangilio ule ule! Mwaka jana? Usiniulize. Bomba bado linavuja na chini yake kuna ndoo. Nilichofanikiwa katika miaka hiyo mitatu ni kununua ndoo kubwa zaidi.

Namba moja hadi nne nazicheka. Namba tano sichekeshwi nayo. Mama yupo Muheza katika nyumba aliyoijenga na marehemu Baba, na kila ninapokwenda naona bati moja zaidi limeota kutu. Kila mwaka namwambia, "Mama, mwaka huu natengeneza." Naye ananijibu, "Sawa mwanangu." Siku hizi ameanza kujibu kabla sijamaliza sentensi.

Kwa kuwa kazi yangu ni kuuliza maswali, nimejiuliza: hivi hii tabia ya kukaa chini mwanzoni mwa mwaka na kupanga kurekebisha nyumba na nafsi kwa mpigo mmoja imetoka wapi? Je, kuna waliowahi kufaulu? Nimesoma soma, na nimekuta mambo mawili ambayo nataka tuyazungumze. La kwanza ni la Mwingereza mmoja. La pili ni letu, na ndilo lililonikosesha usingizi.

Mwingereza huyo ni Samuel Pepys, karani wa ofisi ya jeshi la wanamaji pale London. Tarehe 1 Januari 1660, akiwa na miaka 26, alianza kuandika shajara kwa hati mkato, na akaendelea nayo hadi 1669 alipoacha kwa kuogopa macho yake yataharibika. Kwa hiyo tunajua mambo yake mengi kuliko ambavyo angependa. Mwisho wa mwaka alikuwa anahesabu fedha zake na kujipima kama mtu. Siku ya mwisho ya 1661 alikuwa ameapa kuacha mvinyo na kuacha kwenda kwenye maigizo, maana mambo hayo mawili yalikuwa yanamla fedha na muda.

Sasa angalia ujanja wake. Alijua kwamba kiapo cha mdomo hakina meno, akaviandika viapo vyake na kuvisoma upya siku za Jumapili. Akavunja, analipa faini kwenye sanduku la maskini. Wakati huo huo alikuwa hachoki kutengeneza nyumba, leo maseremala, kesho wapaka rangi. Mwaka 1662 akaamua kuongeza ghorofa juu ya nyumba yake. Mafundi wakaondoa paa mwezi Julai, mvua ikanyesha, nyumba nzima ikalowa! Mtu yeyote aliyewahi kumpa fundi wa hapa mjini malipo ya awali atamwonea huruma.

Pepys alivunja viapo vyake mara nyingi, na mara nyingine alitafuta kijinjia cha kuvikwepa. Lakini alisonga mbele, ghorofa ikaisha na kazini akapanda hadi kuwa mtu mkubwa. Somo ninalolipata kwake ni kwamba lengo linahitaji kuandikwa, kurudiwa na kuwa na adhabu yake. Sawa. Ila Pepys alikuwa mtu mmoja mwenye mshahara, watumishi na mafundi wa kuwaita. Mtu asiye na hivyo vyote afanyeje?

Hapo ndipo inapoingia habari yetu.

Tarehe 31 Desemba 1969, mkesha wa mwaka mpya, Mwalimu Nyerere aliwahutubia Watanzania. Unaweza kudhani ilikuwa hotuba ya kawaida ya kutakiana heri. Haikuwa hivyo. Aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na ukiisoma hotuba hiyo leo utaona ni kama orodha ya malengo ya nchi nzima. Lengo la kwanza lilikuwa kichwani: watu wajitoe katika kuridhika na hali duni kana kwamba wameandikiwa, watambue kwamba wanaweza kuibadilisha wenyewe. Lengo la pili lilikuwa shambani, kazini na nyumbani. Alitaja kuzalisha zaidi, kujifunza chakula bora, kanuni za usafi, hata kutengeneza samani kwa mikono yetu wenyewe, na kushirikiana kuboresha vijiji na mitaa tunamoishi.

Fikiria hilo kidogo. Rais wa nchi, mkesha wa mwaka mpya, anazungumzia viti na meza za watu!

Miezi michache kabla, Mei 1969, alikuwa ameuambia mkutano mkuu wa TANU kwamba kupanga ni kuchagua. Maneno hayo yakawa pia jina la mfululizo wa vipindi vya redio vilivyosikilizwa kwa vikundi mwaka ule ule. Mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka 10 ya uhuru wa Tanganyika, ukaja mwingine ulioitwa Wakati wa Furaha. Kisha mwaka 1973 ukaja ule mkubwa kuliko yote, Mtu ni Afya.

Kwa sisi tuliozaliwa baadaye, Mtu ni Afya ni jina tu tunalolisikia kwa wazee. Ilikuwa hivi. Kwa wiki 12 watu walikutana katika vikundi vidogo kuzunguka redio. Kiongozi wa kikundi, ambaye mara nyingi alikuwa mwanakijiji wa kawaida aliyepewa mafunzo mafupi, alihakikisha redio inasikika. Baada ya kipindi, aliyejua kusoma aliwasomea wenzake sura ya wiki hiyo kutoka kwenye kijitabu: malaria, kichocho, minyoo, kuhara damu, kifua kikuu. Halafu wakajadili. Mwisho kabisa, na hapa ndipo palipokuwa na uzito, wakaamua watafanya nini kabla hawajakutana tena. Wiki hii tunafyeka nyasi kuzunguka nyumba na kufukia makopo yanayotuama maji, wiki ijayo tunachimba choo cha fulani.

Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa. Walioshiriki walikadiriwa kufika milioni 2, katika nchi ambayo sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu milioni 12 na ushei. Vyoo vilivyochimbwa vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Hakuna aliyekuwa na simu ya kumkumbusha malengo yake. Kulikuwa na jirani tu, na jirani alikuwa anajua ulichoahidi Jumanne iliyopita.

Nilimpigia Mama simu kumuuliza kama anakumbuka. Mwaka ule alikuwa na miaka tisa. Akacheka sana. Akasema Babu hakuwa mtu wa mikutano, alikwenda ile ya kwanza kwa sababu redio ilikuwa ya rafiki yake na alitaka kusikiliza taarifa ya habari. Wiki ya pili akaulizwa mbele ya watu choo chake kikoje. Hakuwa nacho. Jumamosi hiyo wanaume wanne wakaja na majembe, naye Babu akaenda kuwasaidia wao Jumamosi zilizofuata. Kazi ya Mama na dada zake ilikuwa kubeba udongo kwa karai. "Babu yako hakuwahi kuandika lengo lolote," akaniambia, "hata kuandika kwenyewe hakujua." Lakini choo kilichimbwa.

Hapo nikaona tofauti yangu na Babu. Mimi lengo langu linajulikana na daftari peke yake, na daftari halinisuti. Tena mimi naandika "kutengeneza nyumba", maneno ambayo hata fundi hawezi kuyafanyia kazi. Babu alikuwa na shimo moja, futi kadhaa, Jumamosi.

Ningeishia hapa ingekuwa hadithi tamu, lakini isingekuwa historia kamili. Mwaka huo huo wa 1973, mwezi Novemba, serikali ilitangaza kwamba kuhamia vijiji vya ujamaa si hiari tena, ni amri. Kufikia 1976 mamilioni walikuwa wamehamishwa. Wapo waliopata shule na zahanati karibu, hilo tusilifiche. Wapo pia waliobomolewa au kuchomewa nyumba zao ili wasirudi, wakashushwa kwenye pori na kuambiwa hapa ndipo kijiji kilipo, jengeni. Nayo ilikuwa mipango ya kuboresha makazi! Ilikuwa na ramani, tarehe na takwimu. Nchi ni ile ile, viongozi ni wale wale, na miaka ni ile ile.

Tofauti ilikuwa nini? Katika Mtu ni Afya, mwenye nyumba alikaa kwenye duara, akasikiliza, akabisha, akakubali. Katika operesheni ya vijiji wengi wao waliamriwa tu. Kama kupanga ni kuchagua, basi swali linalofuata ni nani anayechagua. Vijiji vingi vilivyopangwa kwa amri vililegea mara tu amri ilipolegea, watu wakarudi kwenye mashamba yao ya zamani.

Jambo jingine la kututia moyo sisi wenye orodha zisizotimia. Katika miaka hiyo TANU iliweka lengo la kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ifikapo mwisho wa 1975. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Mtihani wa taifa ulipofanyika 1975, waliobaki walikadiriwa kuwa asilimia 39. Kwa lugha ya daftari langu, lengo lile halikufikiwa. Lakini waulize mamilioni ya watu walioweza kusoma barua ya mtoto wao bila kumwita mwalimu kama mwaka ule ulikuwa wa hasara.

Basi nikarudi kwenye namba tano yangu. Miaka mitatu nimekuwa nikipanga nyumba ya Mama nikiwa Dar. Kichwani nilishaweka vigae, dari ya jipsamu, madirisha ya alumini na choo cha ndani. Hesabu ilipofika mamilioni nikaahirisha hadi mwakani. Katika muda wote huo sijawahi kumuuliza mwenye nyumba anataka nini. Nimekuwa serikali ya Novemba 1973 ndani ya familia yangu mwenyewe, tena serikali isiyo na bajeti.

Jana nikampigia tena.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Umepata fedha za vigae?" Huyo ndiye Mama.

"Hapana. Nataka kukuuliza. Katika nyumba hiyo, wewe unataka nini kifanyike kwanza?"

Akanyamaza hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema anataka mabati matatu yabadilishwe upande wa jikoni, na mfereji wa kukinga maji ya mvua uelekezwe kwenye pipa, ili asibebe ndoo tena kutoka bombani, maana goti linamsumbua. Basi. "Hivyo vigae vyako," akaongeza, "mimi vitaniangusha."

Sikuwa hata najua kuhusu goti.

Mabati matatu, mfereji, pipa na fundi. Nimeshapiga hesabu, ni fedha ambayo nimeitumia mara nyingi Ijumaa na Jumamosi bila kukumbuka nilikula nini. Nimemwambia mdogo wangu na binamu yetu aliyeko Tanga mjini. Tumekubaliana kukutana Muheza Jumamosi ya pili ya Februari, kabla mvua za masika hazijaanza. Atakayekosa bila sababu ananunua pipa la pili. Faini hiyo nimemwibia Pepys, lakini Jumamosi ni ya Babu.

Daftari jipya ninalo mezani. Ukurasa wa kwanza una mstari mmoja tu. Kuhusu bomba la jikoni, nimemwomba jirani yangu wa chini, ambaye maji yangu humdondokea, aje Jumapili tulitazame pamoja. Amesema alikuwa anasubiri kuulizwa tangu mwaka juzi.