Shamba Lisilo na Mkulima

Katika Kiswahili, shamba halikai peke yake. Ukilitaja tu, wahusika wake wanajileta: mwenye shamba, kibarua, mpaka, jembe, mbegu, palizi, mavuno. Kuna anayeamia ndege wasimalize mtama, na kuna anayeamka alfajiri kutazama kama ngiri wamepita. Hata shamba lililoachwa likaota magugu lina jina la mtu. Tutaambizana kwamba ni la marehemu fulani, na wanawe wako mjini. Ndiyo maana kila ninapokutana na "shamba la upepo" katika magazeti na ripoti za miradi, nasita. Namtafuta mkulima, simwoni. Naona minara mirefu na uzio, lakini nani alilima hapa, na nani atavuna?

Istilahi hii imezaliwa kwa tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza, "wind farm", na tafsiri ya namna hiyo huja na mizigo ambayo mpokeaji hakuiagiza. Inadai kimyakimya kwamba mahali pale hapakuwa na kilimo wala mwenyewe mpaka mitambo ilipopandwa. Nina hakika mengi katika magomvi ya miradi ya upepo huanzia hapa, katika majina, kabla ya mtu yeyote kuchukua bango na kuingia barabarani.

Tuanze na Kinangop, uwanda wa juu katika Kaunti ya Nyandarua nchini Kenya, kati ya safu ya milima ya Nyandarua na Bonde la Ufa. Wakati wa ukoloni ardhi hiyo ilikuwa sehemu ya nyanda walizotengewa walowezi wa Kizungu. Katika miaka ya 1960 ilianza kugawanywa kwa wakulima Waafrika kupitia mipango ya makazi, na mpaka leo hapo ni mahali pa viazi, kabichi na ng'ombe wa maziwa. Kwa mtu wa Kinangop, shamba ni kile ambacho baba au babu yake alikipata baada ya kukikosa kwa miaka mingi. Kisha ukaja mradi wa mitambo 38 ya upepo, megawati 60.8, ukiwa na jina lilelile la shamba. Wananchi walihofia ardhi yao, kelele, afya yao na ya mifugo yao, na walilalamika kwamba hawakuhusishwa ipasavyo. Mwaka 2015 maandamano yalifika hadi mtu kupoteza maisha. Februari 2016 ilitangazwa kwamba mradi hautaendelea.

Baadhi ya hofu zile, hasa za maradhi, hazikuwa na ushahidi wa kutosha. Lakini hofu hukua pale maelezo yanapopungua, na anayeambiwa kwamba shamba lake litakuwa ndani ya shamba la mwingine ana haki ya kuuliza ni lipi litakalobaki kuwa lake.

Sasa tupande kaskazini, Kaunti ya Marsabit, karibu na Loiyangalani. Kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiro upepo hubanwa kama maji katika mfereji, ukavuma kwa nguvu karibu mwaka mzima. Hapo imesimama mitambo 365, kila mmoja wa kilowati 850, jumla megawati 310. Njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 inaupeleka umeme huo Suswa, karibu na Nairobi. Huku hakuna viazi wala kabichi. Kuna Waturkana, Wasamburu, Warendile na Waelmolo, na wengi wao ni wafugaji. Mtu anayetazama kutoka dirisha la ndege ataiita sehemu hii "nyika", "pori", au, kwa lugha ya ofisini, "ardhi isiyotumika".

Yatazameni maneno hayo vizuri. Nyika ni jina linalotolewa na mtu wa mbali. Pori ni jina la anayepita njia na kuogopa wanyama. Mwenye kuishi hapo analo neno jingine, malisho, na neno hilo limejengwa juu ya kitenzi: kuna anayelisha na kuna wanaolishwa. Malisho ya mfugaji hayatumiki kila siku. Kuna ya masika, kuna ya kiangazi, na kuna yale yanayoachwa makusudi kwa mwaka wa ukame, kama akiba ya nafaka ghalani. Kuyaita ardhi isiyotumika ni sawa na kuiita pesa ya benki pesa isiyotakiwa kwa sababu mwenyewe hajaitoa leo.

Ardhi hiyo ilikuwa na jina la kisheria pia: ardhi ya amana, iliyokuwa mikononi mwa baraza la kaunti la wakati huo kwa niaba ya wenyeji. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikuja kuiita ardhi ya jamii. Amana ni neno zito. Anayewekewa amana anaishika bila kuimiliki, na haipangishi mpaka mwenyewe aulizwe. Mradi wa mitambo ile 365 ulipewa ekari 150,000. Mwaka 2014 wakazi walikwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru wakidai kwamba hawakuulizwa. Oktoba 2021 mahakama iliamua kwamba hati za ardhi ile zilipatikana bila kufuata utaratibu wa sheria, ikatoa mwaka mmoja wa kurekebisha. Shauri halikuishia hapo, lakini hoja yake ya msingi ilikuwa imeshasemwa mbele ya majaji: mitambo ilisimama juu ya amana ya watu.

Mwezi huohuo wa Oktoba 2021, Mahakama ya Juu ya Norway ilitoa hukumu kuhusu mitambo 151 ya upepo katika rasi ya Fosen. Majaji walisema vibali vya mitambo hiyo vilikiuka haki ya Wasami ya kuendeleza utamaduni wao wa kufuga kulungu wa kaskazini. Kati ya Loiyangalani na Fosen kuna jangwa, bahari na theluji, lakini wafugaji wa pande zote mbili walikwenda mahakamani kudai kitu ambacho Kiswahili kinakiita kwa neno moja, malisho.

Jambo moja lisisahaulike: watu hawa hawaupingi upepo. Kiswahili chenyewe kimeupenda upepo mpaka kikauzalia ukoo mzima wa maneno: kupepea, kupepeta, kupeperuka, kupepesuka, pepeo, kipepeo. Mtu aliyechoka hutoka nje kupunga upepo. Mabaharia wa pwani waliupa upepo majina kwa majira na mwelekeo: kaskazi, kusi, matlai. Hawakuupa jina la mwenyewe, kwa sababu hauna. Ndiyo maana wengi hushangaa wanaposikia kwamba kampuni imepewa haki ya kuuvuna. Mhandisi ataeleza kwamba kinachovunwa ni mwendo wa upepo na kwamba upepo unabaki, naye ni mkweli. Lakini mkataba unahitaji ardhi, na ardhi ina wenyewe. Upepo wa wote hukamatwa kwa mguu uliosimama juu ya ardhi ya wachache.

Kuhusu mitambo yenyewe, kamusi na mitaa hazijakubaliana. Wengine husema "kinu cha upepo". Jina hilo lina asili njema, kwa kuwa vinu vya kale vya upepo vilisaga nafaka kweli, ila hivi vya leo havisagi kitu. Wengine hutumia "rafadha", neno lililozoeleka kwa kisukuma meli. Watoto wanaovitazama kutoka barabarani huviita feni, na zile mbawa ndefu huitwa mapanga, kama tunavyoita feni ya dari pangaboi. Hata mama wa istilahi hizi ana majina mawili: Tanzania ni nishati, Kenya magazeti huandika kawi. Yote mawili yametoka Kiarabu, la kwanza likiwa na maana ya uchangamfu na la pili maana ya nguvu. Tofauti hizi hazinikeri. Kila neno hapa linaonyesha kitu kinachoonekana, na anayelisikia anajua anachoambiwa.

Yanayonikosesha usingizi ni yale maneno yasiyoonekana, yale yanayokaa katika muhtasari wa vikao. La kwanza ni "ushirikishwaji". Lifungueni kama mlivyofundishwa darasani. Mzizi ni shiriki: mtu mwenyewe anaingia katika jambo. Ongeza kauli ya kusababisha, unapata shirikisha: mwingine anakuingiza. Ongeza kauli ya kutendwa, unapata shirikishwa: unaingizwa. Mwisho unakuja ushirikishwaji, na mwananchi aliyekuwa mtenda amekuwa mtendwa. Ameitwa kikaoni, amekaa juu ya kiti cha plastiki, ameandika jina na nambari ya simu kwenye karatasi ya mahudhurio, amepewa soda. Kwa sarufi, ameshirikishwa. Kama ameshiriki ni swali jingine. Sheria ikisema "ushiriki wa umma" na ofisi ikaandika "ushirikishwaji wa umma", kati ya viambishi hivyo viwili limo shauri zima la mahakamani.

Ndugu yake ni "uhamasishaji". Mzizi wake ni hamasa, ule moto unaowashwa kabla ya mechi au vita. Anayekuja kuhamasisha ameshaamua. Ujumbe wake umekamilika, anachotafuta ni shangwe. Mzee akinyanyua mkono kuuliza njia ya ng'ombe kwenda kisimani itapita wapi, ataonekana kama aliyekuja kumwaga maji kwenye moto. Kwa kazi ile Kiswahili kina neno la heshima zaidi: kueleza. Anayeeleza hulazimika kusubiri maswali.

La tatu ni "fidia". Asili yake ni lipo la kukomboa, na Mwislamu anaijua fidia ya mgonjwa asiyeweza kufunga, anayelisha maskini badala ya siku alizokosa. Kwa hiyo fidia huja baada ya kitu kukosekana au kuondoka. Inakiri pengo. Pale ambapo ardhi imechukuliwa, fidia ni haki na ilipwe kwa wakati. Lakini neno hili limeenezwa mpaka limefunika kila kitu, kana kwamba mwenye ardhi hawezi kupokea ila malipo ya hasara. Mkataba wa kukodi una lugha nyingine. Kule Kipeto, Kaunti ya Kajiado, kwenye mitambo 60, ardhi ilikodishwa na Wamaasai wenye vipande vyao. Anayekodisha ana kodi, ana muda, ana siku ya kurudishiwa. Anayefidiwa ana stakabadhi tu.

Sasa nifike kwenye maneno matatu ambayo ningependa kila mtafsiri wa mikataba ayabandike ukutani: kibali, idhini, ridhaa. Watu huyachanganya kama yana maana moja. Kibali ni karatasi, hutolewa na ofisi, kina muhuri na tarehe ya kuisha. Idhini ni ruhusa ya mwenye mamlaka, kama mwanafunzi anavyoomba idhini ya mwalimu kutoka darasani. Ridhaa imetoka mahali pengine. Ni ndugu wa radhi, zile ambazo mtoto huziomba kwa wazazi kabla ya safari, na ndugu wa kuridhika. Kibali hugongwa muhuri, idhini hutamkwa, lakini ridhaa hukaa ndani ya mtu, na haiwezi kutolewa kwa niaba ya mwingine. Ndiyo maana hatusemi ndoa imefungwa kwa kibali cha bibi harusi. Mradi unaweza kuwa na vibali vyote vya mazingira, ujenzi na umeme, ukawa na idhini ya wizara na ya kaunti, na bado ukakosa ridhaa. Mwekezaji wa namna hiyo hushangaa kweli anapokuta barabara imezibwa kwa mawe. "Tulipewa ruhusa," husema. Alipewa. Ila waliompa sio walioziba barabara.

Hao tunawaitaje? Vichwa vya habari huwaita wapinzani, nalo ni neno la siasa. Mpinzani anataka kiti chako. Wengine huwaita walalamikaji, nalo ni neno la mtu aliyekwisha kuumia. Neno lao halisi ni wenye pingamizi. Kupinga, katika maana yake ya asili, ni kuweka kitu kwa kukingama. Kutoka hapo tunapata pingo na kipingo, kile kijiti au chuma kinachofunga mlango kwa ndani. Pingamizi lina mahali pake na wakati wake. Kabla ya ndoa kufungwa kanisani, matangazo husomwa ili mwenye pingamizi aseme. Kabla ya mradi kujengwa, sheria za tathmini ya athari kwa mazingira hutaka maoni ya watu yapokelewe. Kote huko pingamizi linaalikwa mapema, kwa sababu likisemwa mapema lina jibu: njia ya mifugo ichorwe upya, mtambo usogezwe mbali na nyumba, mkataba wa kukodi uandikwe badala ya hundi moja. Lisipoalikwa hugeuka maandamano, kisha kesi ya miaka saba.

Nikiombwa niandike ukurasa wa istilahi kwa mradi ujao, iwe Marsabit au Singida kule Tanzania, nitaanza hivi. Badala ya shamba la upepo, mitambo ya umeme wa upepo, na neno shamba libaki kwa mwenye jembe. Badala ya ardhi isiyotumika, malisho, na majira yake yatajwe. Badala ya ushirikishwaji, ushiriki. Badala ya uhamasishaji, maelezo na maswali. Na chini ya kibali na idhini, mstari mzima uachwe wazi kwa ajili ya ridhaa.

Pwani tumefundishwa kupiga hodi mara tatu. Usipoitikiwa, unarudi, na wala huna haki ya kununa. Pingo la mlango liko ndani, na mkono unaoweza kulisogeza ni wa aliyemo. Akiuliza "Nani?" kabla ya kufungua, hajamfukuza mgeni. Anataka kujua amfungulie nani, na huyo mgeni amekuja na nini.